Mafuta ya Mbarika kwenye Gari la Arbab

Mwezi uliopita nilikwenda kusukwa kwa dada mmoja Mkenya mwenye saluni huko Al Barsha. Alinikalisha, akazifumua nywele zangu, akanisuta kama wanavyosuta wasusi wote kwamba nimezitelekeza kama watoto wa kambo, kisha akafungua kichupa nyuma ya kichwa changu. Sikuona alichokuwa akimimina. Harufu ndiyo iliyonifikia: nzito, yenye utamu wa kuchefua, kama karanga zilizovunda zikakaangwa kwa nta ya mshumaa. Mate yalinijaa kinywani. Niliinuka na shuka la saluni shingoni, nikafika kwenye sinki la kuoshea nywele, na hapo, mbele ya wanawake wawili waliopakwa rangi kichwani, nikatapika chai na chapati zote za asubuhi.

Yule dada alinisugua mgongo, akanipa hongera. Nilimwambia sina mimba, ni hayo mafuta ya mbarika tu. Alicheka, akasema siku hizi dunia nzima inayapaka, nywele zinaota kama majani ya masika. Nikamwomba radhi, nikamwomba atumie ya nazi, nikakaa tena. Sikumweleza zaidi. Nyinyi nitawaeleza, kwa kuwa hamnioni usoni.

Kuyachukia mafuta hayo nilianzia kwa Bibi, mama yake baba, ambaye tulikuwa tukiishi naye. Bibi alitoka Unguja akiwa bibi harusi, akaja Dubai wakati ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, hapa palikuwa na mchanga, mbuzi na chumvi tu. Mji ulipanda juu kila upande wake, lakini matumbo ya watoto aliendelea kuyatawala kwa sheria za Unguja. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa, alinishika pua kwa vidole viwili, akanitia kinywani kijiko kikubwa cha mbarika ya vuguvugu, na kabla sijapata kulia akanisukumia kipande cha chungwa. "Tumbo lisilofagiwa huota funza," alikuwa akisema. Siku hiyo nzima niliimaliza chooni, naye akiwa amekaa nje ya mlango na tasbihi yake, akiuliza kila mara kama funza wameshatoka. Hata chungwa nililichukia kwa miaka.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba nilipoisikia harufu ileile kwenye gereji alikofanya kazi baba, nikiwa na miaka tisa, nilidhani Bibi amenifuata mpaka huko.

Baba yangu, Salum, alikuwa fundi wa magari ya kale katika gereji moja ya Al Quoz, nyuma ya maghala, mtaa ambao hata upepo wake ulikuwa na ladha ya chuma. Mwenye gereji alikuwa tajiri ambaye sote tulimwita Arbab, kama anavyoitwa mwajiri huku. Yeye ndiye aliyekuwa kafeel, mdhamini wetu, pia. Viza ya baba ilikuwa chini ya jina lake, na ya mama, ya Bibi na yangu zilining'inia kwenye ya baba kama nguo kwenye kamba moja. Hilo nilikuwa silijui, au nililijua kama mtoto anavyojua kwamba nyumba ina msingi.

Ijumaa mama alikuwa kazini, akiuza manukato kwenye lile duka kubwa la karibu na kwetu, na Bibi alikuwa na maradhi yake ya kutosha bila ya kuongezewa mimi. Basi nilikuwa nikifuatana na baba.

Mwaka ule walikuwa wakilifufua gari moja la mashindano, la zama zile za mwanzo kabisa za magari. Lilikuwa refu na jembamba kama jeneza, halina paa wala milango, na magurudumu yake yalikuwa na spoki kama ya baiskeli. Arbab alilinunua Ulaya likiwa mifupa ndani ya masanduku. Baba alilijenga upya akishirikiana na fundi mwenzake, Mukasa, Mganda aliyekuja hapa kuwa mlinzi wa lango la gereji ile ile na siku moja akaonekana, kwa mshangao wa wote, anajua kurekebisha kabureta kwa kusikiliza tu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita. Walikula sahani moja. Baba alipolazwa kwa ugonjwa wa figo, Mukasa ndiye aliyemlisha uji, kwa sababu mama hakuweza kuacha kazi.

Arbab alitaka kila kitu kwenye gari lile kiwe kama zamani. Alisoma kwamba injini za namna ile ziliendeshwa kwa mafuta ya mbarika badala ya oili tunayoijua, akaagiza pipa zima. Alikuwa akija na kanzu yake nyeupe, anawaambia wawashe injini, anafumba macho na kuvuta ule moshi kama mtu aliyefukiziwa udi. Mimi nilikuwa nikimtazama nikiwa nimejiziba pua kwa kola ya gauni, nikiamini kwamba utajiri umemwondolea akili.

Injini iliyofufuliwa haiaminiki mpaka itembezwe. Kila Ijumaa asubuhi, barabara zikiwa bado tupu, baba alilitoa gari lile kwenda nalo jangwani, na mimi nilikaa kando yake. Nilikuwa na kazi, tena kazi ya maana. Mbarika ikiwa baridi ni nzito kama asali, haipenyi kunakotakiwa. Ikichemka mno inaungua na kugeuka ulimbo. Kati ya sabini na tisini na tano ndiyo raha yake. Zamani magari kama yale hayakuwa na geji ya kukwambia hayo, kwa hiyo baba alipitisha kipimajoto mpaka tumboni mwa injini, akautoa waya wake nje, akaufunga kwenye geji ya duara iliyopigiliwa juu ya ubao. Ubao ule niliupakata mimi. Kila dakika tano nilisoma joto kwa sauti, kisha nikaliandika kwenye daftari langu la shule. "Mgonjwa akikwambia hajambo, mtazame ulimi," baba alinifundisha. "Joto la oili ndio ulimi wa injini." Mukasa alitufuata nyuma kwa pikapu, amebeba spana, maji, na debe la mbarika, maana injini ile ilikunywa mafuta kama ngamia na ilibidi iongezwe katikati ya safari.

Kabla hatujaondoka Mukasa alikuwa akinifunga mkanda na kuniambia, "Nyabo, soma vizuri." Nyabo ni jina ambalo kwao wanamwitia mwanamke wa heshima, nami kwa miaka yangu tisa nililipokea bila ya kupinga. Alikuwa na binti wa rika langu, picha yake ilikuwa ndani ya kifuniko cha simu yake.

Laiti ingekuwa kazi bila ya harufu. Gari lile lilitema. Ukungu wa mbarika ulitoka kwenye injini, ukarudishwa na upepo, ukatupaka. Ulikaa kwenye kope. Uliingia puani, ukashuka kooni, ukafunga meno kwa utando ambao ulimi haukuweza kuuondoa. Mchanga wa jangwani ulikuja ukanasa juu yake, hata tukawa mimi na baba kama samaki waliovingirishwa kwenye unga tayari kukaangwa. Baba hakuona tatizo. Alipiga mluzi. Mimi nilimeza mate, nikasoma geji, nikameza tena. Na tumbo, ambalo Bibi alilifundisha maana ya harufu ile tangu sijaota meno ya pili, lilianza kunguruma tu tulipogeuza kurudi. Mukasa aligundua. Akawa ananiletea vipande vya tangawizi vilivyokaushwa kwa sukari ninyonye njiani. Vilisaidia wiki mbili tatu.

Ijumaa moja havikusaidia. Nilimwambia baba asimame, akasema tumebakiza kidogo, nikamwambia tena, na mara ya tatu sikuwa na haja ya kumwambia. Nadhani mmeelewa. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, nimevaa suruali nyeupe, nimepakata ubao wenye geji, nikiwa nimejichafua ndani ya gari la tajiri. Baba alisimamisha gari, akanitazama, na akacheka. Sina budi kusema ukweli, alicheka mpaka akainamia usukani. Aliyeshuka mbio kwenye pikapu ni Mukasa. Alinigeuzia mgongo, akaninyooshea nyuma koti lake la kazi nijifunge, akanipa chupa ya maji, kisha akakiosha kile kiti cha ngozi kwa mikono yake bila ya kukunja pua wala kusema neno.

Tulipofika gereji baba alimsimulia Arbab. Arbab akashika ukuta kwa kicheko. Kutoka siku hiyo wanaume wa pale wakanipa jina, Bint Mbarika, na kila nilipopita walijishika matumbo. Hawakuwa na ubaya, watu wazima mara nyingi hawana. Lakini nilijikinai. Nilioga kwa sabuni mpaka ngozi ikapauka na bado nilijinusa mikono kitandani.

Nikaanza kufikiri. Nilijua kwamba kila Alhamisi Mukasa alilijaza debe la kuongezea kutoka kwenye pipa la mbarika, akaliweka tayari nyuma ya pikapu. Na kando ya pipa hilo lilisimama pipa la oili ya kawaida, safi, ya rangi ya chai ya rangi, isiyonuka chochote. Akili yangu ilinieleza hivi: tumbo langu linaharibika wakati wa kurudi, wakati wa kurudi injini inakunywa yaliyomo debeni, basi debe likiwa na oili, tutarudi bila ya harufu. Alhamisi ile shule yetu ilifungwa mapema, nikaenda gereji kwa baba. Baada ya kuadhiniwa alasiri wanaume waliingia kuswali, na Mukasa, ambaye ni Mkristo, alikwenda mkahawani kuwachukulia chai. Nilimimina mbarika yote kwenye sanduku la mchanga wa kunyonyea mafuta yaliyomwagika. Nikalijaza debe kwa oili, nikiivuta kwa pampu ya mkono. Nilinawa kwa mchanga na sabuni ya unga. Nilipomaliza chai ilikuwa haijafika.

Nisiwadanganye hapa, maana ndipo mahali pa kudanganya. Nilikuwa nimeambiwa. Mukasa mwenyewe aliwahi kunieleza, akinionyesha kwa vidole viwili visivyogusana, kwamba mbarika na oili hazichanganywi, zikikutana moto zinakatika kama maziwa mabovu. Nililisikia hilo kama nilivyosikia kwamba sukari inaoza meno.

Ijumaa ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabla ya Arbab kuliendesha gari mbele ya wageni wake. Asubuhi ilikuwa na ubaridi mzuri. Tulikwenda tukiwa sabini na nne, themanini na moja, themanini na nne, injini ikiimba, na baba akinambia kwamba siku nitakapozeeka nitawahadithia wajukuu. Tulisimama penye uzio wa ngamia kama kawaida. Mukasa, aliyekuwa na mafua wiki nzima na macho mekundu, alimimina debe lote, akafunga kifuniko, akanipa tangawizi. Tukageuza.

Dakika tano za kwanza: themanini na sita. Nilisoma, nikaandika. Kisha tisini na moja. Nilisoma, nikaandika. Kisha mshale ukapanda mpaka tisini na saba, na nilipofungua kinywa kusema tisini na saba, niliona yote kwa mpigo, baba akisimama, akifungua kifuniko, akinusa debe. Nikasema, "Themanini na tisa, baba."

"Vizuri," akasema baba.

Mia na nane. Nikasema tisini. Mia na kumi na tisa. Nikasema tisini na moja. Harufu mpya ilianza kutokea, ya kuungua, kali, mbaya kupita ile niliyoikimbia, kama nywele na sukari zilizotupwa motoni pamoja. Baba alivuta pumzi, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Cha ajabu ni mkono wangu. Mdomo ulisema uongo, lakini mkono uliandika kila nilichokiona, mia na nane, mia na kumi na tisa, mia na thelathini, kwa tarakimu nzuri za shule. Sikuuamuru. Ulizoea tu.

Injini ilipiga kelele moja kama mlango wa chuma uliofungwa na upepo. Magurudumu ya nyuma yalikwama, tukaserereka, tukasimama kando ya barabara tukiwa tumeelekea tulikotoka. Chini ya gari palitoka moshi mweupe.

Baba alishuka. Alilala chini, akafungua nati ya kumwagia mafuta, na badala ya mafuta ikatoka tope. Lilikuwa la hudhurungi, lenye mabonge na nyuzi, likining'inia kama ute wa bamia iliyochacha, likidondoka kwenye mchanga bonge kwa bonge. Kulitazama tu kulitosha kunitapisha, nikatapika. Mukasa alikwenda kuchukua debe. Alilinusa, akapenga kamasi, akanusa tena, kisha akatia kidole na kukilamba. Alisimama pale na kidole chake mdomoni kwa muda. "Hii si mbarika, Fundi Salum," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba wa mtu mwingine.

Mchana ule nyumbani baba aliniomba daftari. Alipolirudisha, ukurasa wa siku ile haukuwamo. Nilidhani ameuchana kwa kuwa ulikuwa umelowa mafuta, nikashukuru moyoni.

Kesho yake Arbab alikuja. Tope lilikuwa limewekwa kwenye beseni katikati ya gereji, nao wakalizunguka kama maiti. Arbab hakupiga kelele. Aliuliza kwa Kiarabu nani alilijaza debe, na baba akajibu kwamba ni Mukasa. Akauliza nani alilimimina, na baba akajibu kwamba ni Mukasa. Yote mawili yalikuwa kweli. Arbab akanigeukia mimi, akaniuliza kama katika kutazama geji niliona jambo lolote. Nilisema sikuona kitu. Mukasa aliapa kwa Mungu wake kwamba Alhamisi alijaza mbarika, kisha akamgeukia baba.

"Fundi Salum," alisema, "miaka sita tunakula sahani moja. Mimi nishindwe kujua mbarika na oili? Waambie."

Baba alikuwa ameshika spana. Aliipangusa kwa tambara, akaigeuza, akaipangusa upande wa pili. 

Arbab alisema khalas, yamekwisha. Viza ya Mukasa ikafutwa wiki ileile. Siku moja kabla ya kuondoka alikuja kwetu kumuaga Bibi, kwa sababu kila Ijumaa Bibi alikuwa akimpelekea sahani ya pilau. Bibi alikataa kutoka chumbani. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema nyuma ya mlango, kwa sauti ya kutosha. Mukasa akanipa mkono mimi. Aliushika kidogo zaidi ya kawaida, akaugeuza kiganja juu, akakitazama, akaniachia. Aliniambia nisome vizuri, akashuka ngazi.

Sikwenda gereji tena. Nilisema harufu inanidhuru, na hakuna aliyebisha. Baba alifanya kazi pale miaka mingine kumi na moja, na kwa miaka hiyo nilisoma shule nzuri, nikala vizuri, nikakua, na siku nyingine wiki nzima ilipita bila ya mimi kukumbuka. Hilo nalo linanichukiza, kwamba inawezekana kabisa kusahau. Nilipokumbuka nilijifariji kwa jambo moja tu: kwamba siri ile ni yangu peke yangu, kwamba nimemdhulumu Mukasa na nimemdanganya baba, lakini baba mwenyewe ni mtu safi aliyepotoshwa na mtoto wake. Nilimwonea huruma. Nilikuwa mwema kwake kupita kiasi, kama mtu anayelipa.

Sasa baba ni mstaafu, anaishi na mimi kwenye nyumba yangu ya kupanga, Jumeirah Village Circle, kwa viza yangu. Mwaka juzi, adhuhuri moja tukila wali na mchuzi wa pweza, sijui ni nini kilichonipa ujasiri, nilimwambia. Nilisema, baba, ile oili kwenye debe niliitia mimi.

Aliendelea kutafuna. Pweza ni nyama ya kutafunwa sana.

"Najua," alisema. "Nilisoma daftari lako siku ileile. Nilisikia tisini na moja, na wewe uliandika mia na kumi na tisa. Mtoto hasemi uongo juu ya geji ila awe anaficha kitu."

Nilimuuliza kama alijua, na bado akamwacha Mukasa aondoke.

"Ningesema ni binti yangu, Arbab angetutoa sote. Mama yako, Bibi yako mgonjwa, wewe. Twende wapi? Mukasa alikuwa na kwao." Akavuta sahani ya pilipili. "Mwanangu, ningefanya tena."

Niliinuka nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya bomba lililo wazi. Sikuwahi kumchukia baba kama nilivyomchukia dakika ile, jinsi alivyokuwa akinyonya kijiti cha kuchokolea meno, jinsi alivyoniita mwanangu kwa upole. Na mimi ndiye niliyepewa zawadi. Kila kitu nilichonacho kilinunuliwa kwa mtu yule, nacho nilikuwa nimekivaa, nimekikalia, nimekitafuna. Nilirudi nikaondoa vyombo. Hatujalizungumza tena.

Mlinzi wa jengo letu ni Mganda. Nilimweleza kwamba namtafuta fundi wa zamani, Mukasa, aliyewahi kufanya kazi Al Quoz, na Waganda hapa wanajuana kama watu wa mtaa mmoja. Baada ya wiki tatu aliniletea namba. Nilikaa nayo siku nyingi. Siku niliyopiga, alipokea mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, nyuma yake nyundo zinagonga bati. Nilijitambulisha kwa jina la baba. Nyundo zikanyamaza, nadhani alizinyamazisha yeye.

Nilisema nilichopiga kusema, yote, mpaka sanduku la mchanga. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema alijua. Kiganja changu kilikuwa bado kinanuka sabuni siku ile alipokuja kuaga, na mtoto asiyefanya kitu hanawi kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikachubuka. Alisema hakuwa na la kunilaumu, nilikuwa na miaka ya binti yake. Alisema ana gereji yake sasa, ndogo. Binti yake ameolewa.

Kisha nikasikia anatafuta namna ya kuuliza.

"Kuna kitu kimoja tu, nyabo," alisema. "Baba yako. Alijua?"

Wasomaji wangu, nilikuwa nimepiga simu ile ili niseme kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nzima, mlango nimefunga, baba yuko msikitini. Mtu yule alistahili kweli kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

"Hapana," nilimwambia. "Hakujua."

Alishusha pumzi ndefu. Alisema, basi, hilo ndilo lililokuwa likimuuma miaka yote, si kazi, si viza, ila kwamba rafiki yake alijua na akanyamaza. Akaniambia nimsalimie sana. Nikasema nitamsalimia.

Nilipoweka simu nilibaki nimeikodolea macho. Nimekaa miaka nikijiuliza baba aliwezaje, siku ile na spana yake mkononi, na nilidhani jibu lazima liwe kubwa na la kutisha. Sasa nalijua jibu, na kinachonitia kichefuchefu ni wepesi wake. Nilimsikia mlangoni akivua viatu, akiniita kuuliza kama chai iko tayari, na nikampelekea, nikamwambia kuna mtu wa zamani anakusalimia. Akauliza nani. Nikamwambia Mukasa. Baba alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakitazama ndani, akasema, "Na yeye pia umsalimie."